CV imekwama wapi? Kusaka chanzo cha kimya cha mwajiri, dalili kwa dalili

Sijafungua hata dirisha moja la stesheneri yangu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, tayari kuna mtu amekaa barazani na fleshi mkononi. Anataka CV "itengenezwe upya". Namuuliza ina kasoro gani. "Sijui, ila sijapigiwa simu." Namuuliza ameipeleka wapi, lini, na kwa njia gani. Hapo wengi hukaa kimya, kisha huanza kuhesabu kwa vidole.

Kabla ya stesheneri nilikaa miaka tisa katika ofisi ya wafanyakazi ya hoteli moja ya ukanda wa mashariki. Maombi yalikuwa yanapita mikononi mwangu, na kwa hivyo najua yanafia wapi. Mengi hayafii pale muombaji anapodhani. Mtu anabadilisha rangi ya kichwa cha CV mara nne, kumbe faili lake halijafunguliwa na mtu yeyote tangu mwanzo. Fundi wa pikipiki akiletewa chombo kilichozima haanzi kufungua injini. Anatikisa tangi kwanza asikie kama mafuta yamo.

Kutikisa tangi kwetu sisi ni hivi: chukua daftari, andika kila ombi ulilopeleka kwa miezi sita iliyopita. Tarehe, mahali, nafasi gani, njia uliyotumia (mkononi, baruapepe, WhatsApp, mfumo wa mtandaoni), na kilichotokea baadaye. Ukishaandika utaona kwamba kimya chako kina mahali pake. Ama hakuna aliyelifungua ombi, ama lilifunguliwa likawekwa pembeni, ama ulitafutwa ukakosekana, ama uliitwa ukarudi mikono mitupu. Kila kimoja kina dawa yake, na ukizichanganya utapoteza pesa za kuprinti bure.

Najua unachotaka kuniambia: "Hizi kazi ni kujuana tu." Sikatai kwamba kujuana kupo. Lakini nimewaona pia watoto wa ami na wa shangazi walioletwa kwa mkono, CV imewekwa juu ya meza ya bosi, na namba ya simu iliyoandikwa pale haipatikani.

"Nimepeleka kumi na tano, hakuna hata mmoja aliyesema amepokea"

Hapa shaka ya kwanza iwe juu ya chombo kilichobeba CV. Maneno yaliyomo tuyaache kwanza.

Fanya jaribio moja. Mtumie rafiki yako ombi lako, vile vile ulivyomtumia mwajiri, halafu mwambie alifungue kwenye simu yake yeye. Sio yako. Kwenye simu yako kila kitu kinafunguka kwa sababu kilizaliwa humo. Ukikaa pembeni yake ukatazama anavyohangaika, utajifunza mambo matatu manne kwa dakika tano.

La kwanza ni picha. Vijana wengi wanapiga picha CV kwa simu, karatasi imelala kitandani, kivuli cha kichwa kimeangukia katikati, kisha wanatuma picha sita WhatsApp bila mpangilio. Ukurasa wa tatu unatangulia wa kwanza. Anayepokea ana picha kama hizo mia mbili, pamoja na za wajukuu zake. Zigeuze ziwe faili moja la PDF, kurasa kwa mpangilio. Kama huna kompyuta, zipo programu za bure za kuskani kwa simu zinazonyoosha karatasi na kuondoa kivuli. Ila karatasi iweke mezani karibu na dirisha, usiiweke juu ya shuka ya maua.

La pili ni faili la Word. Kwenye kompyuta ya stesheneri linapendeza. Likifunguliwa kwenye simu, majedwali yanavunjika na tarehe za masomo zinahamia kwenye jina la mdhamini. Word iweke wewe kwa ajili ya kurekebisha baadaye. Kinachotoka nje kiwe PDF.

La tatu, jina la faili. Nilikuwa napokea mafaili yanayoitwa "CV mpya", "CV mpya kabisa" na "document 1". Nikiyahifadhi, moja linafuta jengine. Faili liitwe kwa jina lako na nafasi unayoomba, basi. Na ile sehemu ya kichwa cha baruapepe, usiiache tupu. Andika nafasi na jina. Baruapepe isiyo na kichwa wala salamu, ina kiambatanisho tu, hata mimi nilikuwa naiogopa kama virusi.

La nne ni uzito. Vyeti vilivyopigwa picha kwa kamera nzuri ya siku hizi, kila kimoja kinaweza kufika megabaiti nne au tano. Gmail haipeleki viambatanisho vinavyozidi megabaiti 25, na anayepokea kwa bando la simu hata 10 zinamkera. Hoteli haihitaji cheti chako cha kuhitimu madrasa siku ya kwanza. Peleka barua na CV, na useme vyeti vipo vikihitajika.

Kama ulipeleka kwa mkono, chunguza geti. Bahasha iliyoachiwa askari wa getini bila jina la mpokeaji inaingia kwenye droo ya askari. Si uchoyo, hajui ampe nani. Muulize kwa heshima: "Kaka, anayeshughulikia wafanyakazi hapa anaitwa nani?" Andika jina hilo juu ya bahasha palepale, mbele yake, na cheo chake. Kisha muulize huyo mhusika hufika saa ngapi.

Halafu kuna msimu. Huu wengi wa mjini hawaujui, ila watu wa Nungwi na Kiwengwa wanaujua tangu utoto. Wageni wengi huja kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena kuanzia mwisho wa Disemba mpaka Februari. Masika ya Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu, nyengine hufunga kabisa zikarabatiwe. Ukipeleka ombi tarehe 20 Disemba, waliohitajika wameshapewa sare. Mei, wakati fundi rangi yumo vyumbani na meneja ana nafasi ya kusoma, ndipo watu wa Juni wanapotafutwa. Mwezi wa Novemba vile vile.

"Serikalini: tangazo limetoka, nimeomba, orodha ya usaili imetoka, jina langu halimo"

Kimya hiki ni cha aina nyengine, na mara nyingi hakihusu uzuri wa CV. Ombi la serikali linakaguliwa kwanza kwa kuhesabu: kipo, hakipo. Matangazo ya Tume ya Utumishi Serikalini huorodhesha vitu vyake waziwazi: barua ya maombi, maelezo binafsi, vivuli (yaani nakala) vya vyeti vya kumalizia masomo, kivuli cha cheti cha kuzaliwa, kivuli cha Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, picha ya pasipoti. Kikikosekana kimoja hakuna atakayekupigia kukukumbusha, iwe umepeleka karatasi au umepitia ZanAjira, mfumo wa maombi wa mtandaoni.

Chanzo ninachokiona zaidi ni karatasi ya matokeo iliyowekwa mahali pa cheti. Mtu amemaliza chuo, cheti hajakichukua kwa sababu anadaiwa ada kidogo, anaambatanisha karatasi ya alama. Tangazo limeshasema karatasi za matokeo hazitokubaliwa. Fedha za kumalizia deni la chuo, tafuta kabla ya tangazo kutoka. Likishatoka huna siku za kutosha.

Cha pili: barua haikutaja nafasi. Tangazo moja linaweza kubeba nafasi ishirini za wizara tano, Unguja na Pemba. "Naomba kazi katika wizara yako" haina pa kuwekwa. Andika jina la nafasi kama lilivyoandikwa kwenye tangazo, neno kwa neno, pamoja na taasisi, na kama ni Pemba sema Pemba.

Cha tatu ni majina, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoumiza watu wasio na kosa.

Jina letu la Kizanzibari lina safari ndefu. Mtoto kazaliwa kijijini, aliyemwandikisha kasema "Khamis", karani kaandika "Hamisi". Alipofika darasa la kwanza mwalimu kaandika anavyotamka yeye. Kidato cha nne kajaza fomu mwenyewe, kaweka majina mawili badala ya matatu. Chuoni kaamua kuliandika kwa mtindo wa Kiarabu alioupenda. Kitambulisho kina jina la babu, cheti hakina. Kwa watu wa nyumbani huyu ni mtu mmoja. Kwa anayekagua makaratasi ni watu watatu waliotia vyeti vyao bahasha moja.

Jaribio lake: panga mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, kitambulisho cha taifa kama unacho, cheti cha kidato cha nne, na cheti cha chuo. Mtu mwengine, asiwe wewe, asome kila jina herufi moja moja kwa sauti. Wewe macho yako yameshazoea, utaruka. Mohammed yenye m mbili katikati na Mohamed yenye m moja huwezi kuziona ukiwa na haraka. Angalia na tarehe ya kuzaliwa pia.

Ukikuta tofauti, chagua jina moja la kusimamia. Ushauri wangu ni lile lililo kwenye cheti cha mtihani wa taifa, kwa sababu hilo ndilo gumu kuliko yote kulibadilisha. Kisha yafuate mengine: cheti cha kuzaliwa na kitambulisho ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ofisi zake zipo wilayani. Kwa tofauti isiyorekebishika, nenda kwa wakili ukaapishiwe hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na kivuli chake kifuatane na vyeti vyako kila uendapo. CV nayo iandikwe jina hilo hilo. Nimeona mtu ana hati ya kiapo nzuri kabisa, halafu kwenye CV kajiita jina la utani la maskani.

Kama umesoma nje ya nchi, Khartoum au India au kwengine, shahada hiyo inahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, na vyeti vya sekondari vya nje hupimwa na Baraza la Mitihani. Ni kazi ya wiki kadhaa. Usingoje tangazo.

"Wameifungua, nina hakika wameisoma, lakini hawakuniita"

Sasa ndiyo tunafika kwenye maneno yenyewe. Tuanze na barua, maana ndiyo inayotangulia. Hii hapa nimeletewa wiki iliyopita, nimeondoa jina tu:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mwenye afya njema na akili timamu. Ninaomba kazi yoyote katika hoteli yako tukufu. Ni mchapakazi, muaminifu na mwenye kujituma. Natumai ombi langu litakubaliwa."

Hakuna uongo hata mmoja humu, na hakuna taarifa hata moja. Akili timamu hatuulizani. Uchapakazi kila mtu anao kwenye karatasi. Lakini neno linaloua barua hii ni "kazi yoyote". Muombaji anadhani anaonyesha unyenyekevu na kwamba atapokea lolote. Anayesoma ana tundu moja la kuziba: mhudumu wa mgahawa wa asubuhi kaacha kazi, wageni wanalalamika chai inachelewa. Anatafuta kizibo cha tundu hilo. "Yoyote" inamrudishia yeye kazi ya kufikiri utafaa wapi, na hana muda huo.

Tulikaa na yule kijana nusu saa. Sikumtungia kitu. Nilikuwa namuuliza tu, naye anajibu, na majibu yake yakawa barua:

"Naomba nafasi ya mhudumu wa mgahawa mliyoitangaza tarehe 3 Mei. Mwaka jana, Julai mpaka Oktoba, nilifanya mafunzo ya vitendo katika mgahawa wa hoteli yenye vyumba 40 Jambiani, zamu ya asubuhi. Nilikuwa naandaa meza za chai, nachukua oda kwa Kiingereza na kupeleka bili kwa keshia. Naishi Paje, karibu na hoteli yenu, kwa hiyo zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hainisumbui. Naweza kuanza wiki moja baada ya kuitwa."

Ile sentensi ya Paje aliona aibu kuiweka, eti si elimu. Mimi naiona ndiyo sentensi bora ya barua yote. Kila meneja wa ukanda ule ameshachomwa na mfanyakazi mzuri anayetoka mjini, daladala ya kwanza imempita, na wageni wamekaa mezani. Mtu anayeweza kufika kwa miguu ana thamani yake.

Lugha ya barua? Serikalini, Kiswahili. Hoteli nyingi, Kiingereza, kwa sababu mameneja wengi ni wageni kutoka nje ya nchi. Lakini kiwe Kiingereza chako. Siku hizi naletewa barua zilizoandikwa na programu za akili mnemba, za vijana kumi wasiojuana, na zote zimefurahishwa sana na fursa ile ile kwa maneno yale yale. Kuitumia programu ikusahihishie herufi si dhambi. Ila ile hoteli ya vyumba 40, chai ya asubuhi na Paje, programu haivijui mpaka uiambie wewe.

Kwenye CV yenyewe, magonjwa ni machache na yanajirudia. Kuna ile sentensi ya "dhamira" inayokaa juu kabisa, kwamba muombaji anatafuta taasisi yenye changamoto ili akuze kipaji chake. Nakiri hadharani: kwa miaka miwili sentensi hiyo ilikuwa inatoka kwenye kompyuta yangu. Kila aliyekuja alipewa kiunzi kile kile, tunabadilisha jina na tarehe. Mpaka siku moja kijana mwenye ndevu zake karudi kutoka usaili amekasirika, CV yake imeandikwa jinsia mwanamke, kwa sababu kabla yake nilimhudumia dada mmoja wa Fuoni. Tangu siku hiyo kiunzi nimekifuta. Kama umetengenezewa CV stesheneri, isome yote mwenyewe kabla hujalipa, pamoja na sehemu unazodhani haziwezi kukosewa.

Kuna CV inayoanza na skuli ya maandalizi na kumalizia na kazi ya mwaka jana, kwa hiyo jambo la maana liko ukurasa wa tatu. Geuza: la karibuni litangulie. Kuna orodha ya mapendeleo, kusoma vitabu na kuangalia mpira. Futa. Na kuna lugha. "Kiingereza: vizuri sana. Kiitalia: vizuri." Halafu mtu anaulizwa swali moja la Kiitalia katika hoteli ya Kiwengwa, anajibu "ciao" na kucheka. Andika unachoweza kufanya na lugha hiyo: "Kiitalia: naweza kusalimia, kupokea oda ya chakula na kuelekeza njia." Meneja ataelewa zaidi, na hutoumbuka.

Sasa lile kubwa: "Sina uzoefu."

Alikuja dada mmoja kutoka Wete, Pemba, ana stashahada ya uhasibu, miaka miwili nyumbani. CV yake ilikuwa na sehemu ya uzoefu, chini yake pameandikwa "hakuna". Nikamuuliza msimu wa karafuu anafanya nini. Kanitazama kama nimemtania. "Nipo shamba na wazee, baba mdogo." Unachuma? "Nilikuwa nachuma zamani. Siku hizi naandika daftari." Daftari gani?

Ikawa hivi. Kila jioni wachumaji wanarudi na karafuu zao, zinapimwa kwa pishi, naye anaandika jina na idadi ya pishi. Wachumaji kumi siku ndogo, kumi na wanane siku kubwa. Jumamosi anawalipa. Zikishakauka na kutiwa gunia, anapima uzito nyumbani, anaandika, kisha zinapelekwa kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na stakabadhi ikirudi anailinganisha na uzito wake. Msimu ukiisha anamfungia baba yake hesabu: kilichotoka kwa wachumaji, kwa usafiri, kilichoingia, kilichobaki. Misimu mitatu.

"Mwanangu," nikamwambia, "huko ndiko kutunza hesabu. Unataka uzoefu upi mwengine?"

Tukaandika: Mtunza hesabu, shamba la karafuu la familia, Wete, misimu mitatu. Kurekodi mavuno ya wachumaji 10 hadi 18 kila siku na kuwalipa kila wiki. Kulinganisha uzito wa nyumbani na stakabadhi za kituo cha ununuzi. Kufunga hesabu za mwisho wa msimu. Mistari minne, na akiulizwa wowote anaweza kuujibia.

Ukidhani huna uzoefu, usijiulize umeajiriwa wapi. Jiulize nani alikuwa anakutegemea, kwa kitu gani, mara ngapi. Mwalimu wa kujitolea aliyesomesha hisabati mwaka mzima bila mshahara ana uzoefu wa mwaka mzima. Aliyeshika fedha za kikoba cha shehia ana uzoefu wa fedha. Anayemsaidia mama yake kufunga na kuvuna mwani Bwejuu anajua kufuata ratiba ya maji kujaa na kupwa, na bamvua, siku maji yanapokupwa sana, haimsubiri mtu aliyechelewa kuamka. Weka idadi, weka muda, weka mahali.

Pengo katikati ya miaka nalo watu hulificha kwa kurefusha tarehe. Usifanye hivyo. Wengi waliokuwa kwenye utalii walikaa bila kazi mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na kila meneja analijua hilo kuliko wewe. Mstari mmoja unatosha: hoteli ilisitisha kazi, nilirudi nyumbani kuvua, au kulea, au kuuguza mzazi.

"Walinipigia, nikakosa"

Hili liliwahi kunikuta mimi mwenyewe. Laini yangu iliharibika, nikanunua nyengine, CV zilizokwisha kutoka zikabaki na namba ya zamani. Miezi mitatu baadaye nikakutana na jamaa Darajani akaniambia ofisi yao walinitafuta siku mbili. Kwa hiyo: weka namba mbili, ya pili iwe ya mtu wa nyumbani anayejua kwamba unatafuta kazi na atakayepokea kwa adabu. Namba ianze na +255 bila sifuri, kwa sababu meneja mgeni anakuhifadhi WhatsApp, na 0 yako kwake haifiki popote. Picha yako ya WhatsApp ataiona kabla ya kukuona wewe, nadhani nimeeleweka. Na wimbo wa kungojea simu ipokelewe, mmm, punguza.

Anuani ya baruapepe iwe jina lako. Zile za "mtotowamjini" ziache kwa marafiki.

"Kila kitu kilikwenda vizuri, wakasema watawasiliana na wadhamini wangu, kisha kimya"

Wapigie wadhamini wako leo. Uliza kama wanajua kwamba wao ni wadhamini wako. Nimewahi kumpigia mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akanijibu, "Huyo simjui," kisha baada ya dakika kumi akanipigia yeye: "Kumbe ni mtoto wa fulani, nilimsomesha, samahani." Dakika kumi zile muombaji mwengine nilikuwa nimeshampigia. Mdhamini aambiwe jina lako kamili, nafasi unayoomba, na kwamba simu inaweza kuja. Asiwe baba yako. Sheha anafaa kwa barua ya utambulisho, ambayo hoteli nyingi zitaitaka, lakini kuhusu kazi yako atasema nini zaidi ya kwamba anaujua mlango wenu? Tafuta aliyekusimamia.

"Wamenijibu haraka sana, wanataka elfu hamsini ya fomu"

Huo ni wizi. Acha.

"Nimeitwa usaili mara tatu, mara tatu nimerudi"

CV yako ni nzima, imeshafanya kazi yake ya kukufikisha mlangoni. Usiiguse, isipokuwa kwa sababu moja: kama kuna mstari ambao ukiulizwa unababaika. Chukua CV, mpe mtu, akuulize kila mstari maswali mawili: ulifanyaje, na nani anajua. Mstari usiojibika ufute hata kama unapendeza. Cheti cha kompyuta cha wiki mbili ambacho huwezi kujumlisha safu kwenye Excel nacho kiondoke.

Yule dada wa Wete aliitwa na hoteli moja ya upande wa kaskazini mwa Unguja, nafasi ya karani wa hesabu. Alinisimulia alivyorudi. Meneja alikuwa mgeni, akaushika ule mstari wa shamba, akauliza pishi ni kitu gani. Akamwambia ni vibaba vinne, kisha akaendelea bila kuulizwa: kwamba ugomvi wa mchumaji na mwenye shamba uko kwenye mdomo wa kipimo, kama kimejazwa kwa kilele au kimepigwa sawa, na kwamba yeye alikuwa anapitisha kijiti juu ya pishi ya kila mtu, hata ya kaka yake, ndiyo maana daftari lake lilikuwa halibishaniwi. Meneja akaandika kitu pembeni ya CV. Swali lililofuata lilikuwa anaishi wapi.